Walimezea Mferejini

Mlipokuja kwangu Mraru mwezi uliopita, nyinyi manesi wapya, mlitaka niwasimulie mambo ya kuchekesha ya kazi. Mlikuja na mkate na maua ya plastiki, mkakaa kibarazani, mmoja wenu akawasha simu anirekodi. Nikawapa kisa cha mama aliyeficha vidonge vyake ndani ya mkebe wa siagi, mpaka asubuhi moja mumewe akapaka kidonge kwenye mkate na kukitafuna. Mlicheka mpaka mkashika mbavu. Nami nilicheka. Kisha yule mrefu, mwenye viatu vya plastiki vyenye matundu, akasema kwamba kituoni kwenu amekuja mgonjwa wa virusi mwenye macho ya manjano, na daktari amemsimamishia dawa kwa sababu "hizi dawa mpya zinakula ini." Alisema hivyo huku anachovya mkate kwenye chai, kama mtu anayetaja bei ya sukuma wiki.

Niliwaambia nimechoka, mwende. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira ambayo ingeniharibia sifa mbele ya wageni. Sasa nimetulia kidogo, si sana, na nimekaa kuandika yale ambayo siku ile nisingeweza kuyasema bila kupiga kelele.

Nimekuwa nesi maisha yangu yote ya utu uzima, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kwenye kliniki za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Nilianza Voi, nikapandishwa milimani kwetu, nikateremshwa tena tambarare, na nikamalizia kwenye kituo kimoja upande wa Taveta, huku kwenye mashamba ya kunyunyizia maji. Jina la kituo silitaji. Waliokosea hapo wana watoto wa kusomesha, na kosa lenyewe ningeweza kulikuta kwenye kituo chochote.

Kitu cha kwanza mtakachojifunza kwenye kliniki hii, kama hamjajifunza bado, ni kwamba mgonjwa hapambani na virusi tu. Anapambana na sauti ya vidonge ndani ya kopo. Kopo likitikisika, mtaa mzima unajua. Ndiyo maana waliweka pamba ndani ya kopo, wakamwaga vidonge kwenye soksi, wakavifunga kwenye pindo la leso. Dereva mmoja wa bodaboda alivificha chini ya kiti cha pikipiki, jua la Voi likavipika mpaka vikashikana, akaja kuniomba nimpe nyundo. Sista Mghoi, aliyenifundisha kazi hii, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alikuwa haulizi mgonjwa kama amemeza. Alisema ukiuliza hivyo unajibiwa ndiyo, na ndiyo hiyo haina maana. Yeye aliuliza, "Jana ulimezea wapi, na ulimezea nini?" Mgonjwa akianza kueleza mahali, ukweli wote unatoka wenyewe.

Shikeni swali hilo. Mengine mtasahau, lakini hilo shikeni.

Siku moja wakubwa walituita Voi kwenye semina. Hoteli nzuri, viti vimevalishwa kitambaa cheupe, na mbele ya kila mtu chupa ya maji iliyofungwa vizuri na kizibo chake. Mwalimu wa semina, kijana nadhifu aliyetoka mbali, akatufundisha kwamba mgonjwa anayeogopa kumeza nyumbani tumsaidie kuchagua "mahali salama." Kazini, dukani, shambani, popote asipoonwa. Tukaandika. Tulikuwa watu wazima, wengi wetu tumezaliwa kwenye hizi kata, tunajua nani anateka maji wapi, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono akauliza huyo mtu wa shambani atasukumia kidonge kwa maji gani. Tuliinua chupa zetu, tukanywa, tukaenda kula kuku.

Kule kwenye mashamba ya Taveta, jamani, maji ya shamba ni mfereji. Kwa wale ambao hawajafika: mtaro unatoka mtoni au kwenye chemchemi, unapita katikati ya migomba, nyanya, mahindi na maharagwe, na kila familia ina zamu yake ya kufungulia maji yaingie kwake. Zamu yako ikifika unakwenda, hata kama ni alfajiri na baridi. Kwa mwenye siri, zamu ni zawadi. Nani atauliza kwa nini umeamka mapema? Una zamu. Unafika, unafungulia maji, unatoa kidonge kwenye pindo la leso, unachota maji kwa kiganja, unameza. Ndege pekee ndio wanakuona. Wagonjwa wetu walipenda sana njia hiyo, na damu zao zilipopimwa virusi vilikuwa vimelala kabisa. Tulipongezwa. Kuna cheti mahali fulani kwenye ukuta.

Lakini mfereji huohuo umepita mashamba ya watu wengine kabla haujafika kwako. Umepita mahali vibarua wanapolala bila choo. Umepita vyoo vilivyochimbwa karibu na ukingo. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapanda, vyoo vinajaa, na yote yanateremka pamoja. Hapo ndipo inapoingia homa ya ini aina ya E. Haiji kwa damu wala kwa kulala na mtu, kama ile ya B mnayoijua. Inatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, inaingia majini, mwingine anakunywa. Baada ya wiki kadhaa anaanza kuchoka, anachukia chakula, anatapika, mkojo unakuwa rangi ya chai ya strungi, ngozi inawasha, macho yanageuka manjano. Wengi hupona wenyewe. Kwa mtu ambaye virusi vya ukimwi vimeshaishusha kinga yake, inaweza kukataa kutoka, ikakaa miezi na miezi inatafuna ini pole pole, na macho yasigeuke hata kidogo. Na kwa mama mjamzito ambaye mimba imekuwa kubwa, inaua. Sisemi inaweza kumsumbua. Inaua.

Mwaka mmoja mvua zilinyesha kama zenye kisasi. Kisha macho ya manjano yakaanza kuingia kwenye chumba chetu cha nyuma, chumba ambacho kila mtu kijijini anajua ni cha nani. Alikuja mmoja, akaja wa pili, halafu wakawa wanafuatana.

Daktari wetu alikuwa kijana aliyetumwa kwetu baada tu ya masomo. Kwa kweli alikuwa msaidizi wa daktari, lakini huku kila anayevaa koti jeupe na kushika kalamu ni daktari. Mtu mwema, mwenye haraka, asiye na msaidizi. Maabara yetu ilikuwa na vipimo vya homa ya ini ya B na C tu. Akipima B, hakuna. Akipima C, hakuna. Basi kinachobaki ni nini? Alikuwa na majibu mawili: pombe, au dawa.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwa sababu nilikuwa chumbani nikisikia. Mzee mmoja wa Njukini, mlokole asiyegusa hata togwa, aliulizwa mbele ya watu, "Mzee, unakunywa chang'aa kiasi gani?" Mzee akajibu, "Mimi nimeokoka, daktari." Daktari akaandika hivyohivyo kwamba anakunywa. Nilimwona mzee akitazama mikono yake. Ametembea maisha yake yote bila kulewa, na sasa kwenye karatasi za serikali ni mlevi.

Wasiokuwa walevi waliambiwa ni dawa. "Hii dawa imemkataa. Simamisha kwanza." Mgonjwa mmoja akisimamishiwa dawa, jioni hiyo kumi wanajua. Wakaanza kuambiana sokoni, kwa mafumbo yao, kwamba zile za siku hizi zinageuza macho. Wengine hatukuwaona tena. Walikuwa na afya nzuri, wameacha dawa kwa kuogopa manjano ambayo hayakutoka kwenye dawa. Nyinyi mnaosimamisha dawa kirahisi, mnajua mnawasimamishia nini? Mtu akiacha, virusi vinaamka. Akiwa na ile homa ya B ambayo dawa zilikuwa zinaituliza, nayo inaamka. Unamtibu macho unamuua mwili.

Siku moja nilikuwa natoka kuchukua sindano kwenye chumba cha wagonjwa wa kawaida. Kwenye foleni alikaa kibarua wa mashamba, kijana mwenye misuli, anasubiri kutibiwa malaria. Nikamwona macho. Nikamwita nje juani, kwa sababu manjano hayaonekani vizuri chini ya taa, nikavuta kope chini, nikamwambia ainue ulimi. Manjano tupu. Huyu hakuwa mgonjwa wetu. Alikuwa amepimwa virusi majuzi, hana. Hajawahi kumeza kidonge chetu hata kimoja.

Nikaenda moja kwa moja kwa daktari. "Huyu naye imemkataa dawa gani?"

Kumtendea haki, hakubisha. Alitoka, akamtazama kijana juani, akakaa kwenye benchi la wagonjwa akashika kichwa. "Sista," akasema, "basi kuna kitu wanakula au wanakunywa wote." Ndipo sote wawili tukaanza kuuliza swali la Sista Mghoi, kila mtu mwenye macho yale: ulimezea wapi, ulimezea nini?

Zuhura ndiye aliyenijibu kwa ukali. Zuhura alikuwa mwanamke wa Kitaveta, wa kule Mboghoni, mwembamba, mcheshi, muuza ndizi sokoni Taveta. Tulimgundua na virusi alipokuja kliniki ya ujauzito mimba ya kwanza, ile iliyoharibika. Mumewe, Salimu, alikuwa mkulima wa nyanya aliyevuka mpaka kila mara kwenda kuuza ng'ambo. Kila tulipomwomba Zuhura aje naye apimwe, alisema Salimu amesafiri. Sasa alikuwa na mimba nyingine, imefika mwezi wa saba, na siku ile alikuja macho yake yamegeuka.

"Huwa namezea shambani," akaniambia. "Zamu yetu ikifika naenda mimi alfajiri, Salimu anaenda ile ya jioni. Nameza nikifungulia maji."

"Kwa maji gani?"

Akanitazama kama nimepoteza akili. "Ya mfereji, Sista. Yapo mengine shambani? Si nyinyi ndio mlisema nitafute mahali salama? Nyumbani nimeweka ndoo ya maji ya kuchemsha ina kifuniko, hata mama mkwe hanywi mengine. Lakini nitamezea nyumbani vipi? Nimwambie Salimu ni Panadol ya kila siku?"

Wote tuliowauliza walisema mambo yanayofanana: mferejini, mgombani, kwenye mtaro karibu na daraja. Wale wa mjini waliomezea chai ya nyumbani, macho yao yalikuwa meupe. Siri ndiyo iliyowapeleka kwenye yale maji, na sisi ndio tulioipangia siri mahali pa kukaa.

Daktari alipiga simu hospitali kubwa ya Voi, kwa bingwa mmoja mama aliyesikiliza kwa utulivu, na akajibu bila kuzunguka. Walio wazima wa mwili wasiachishwe dawa kwa kubahatisha, wafuatiliwe damu zao. Sampuli zipelekwe zikapimwe E. Na yule mjamzito aletwe leo. "Leo," alirudia, "si kesho."

Zuhura alikuwa ameshaondoka. Nilimfuata sokoni, nikamkuta amekaa kwenye gunia nyuma ya mikungu yake. Nikajifanya mnunuzi. Nilikuwa nashika ndizi moja moja huku nazungumza chini chini, kwa sababu jirani zake wa pande zote mbili walikuwa wanatega masikio.

"Zuhura, twende Voi sasa hivi. Huu ugonjwa haumtaki mjamzito."

"Leo siwezi. Nyumbani nitasema nini?"

"Sema ni mimba."

"Watauliza kwa nini sikupelekwa hapa karibu. Salimu atataka kuongea na daktari. Daktari atafungua faili." Akapanga upya ndizi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Nipe siku moja nitunge maneno."

"Nitakuja kwenu mimi nimwambie mwenyewe."

Hapo alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto. "Sista, nakuomba. Usije kwangu. Wewe wanakujua ni wa kile chumba. Ukikanyaga uani kwetu tu, nimekwisha. Mumewe ataniacha," akasema, kisha akajisahihisha kwa aibu, "mume wangu ataniacha, na hili tumbo nitalipeleka wapi?" Nilijua wakati ule kwamba amechoka zaidi ya anavyoonyesha, maana Zuhura hakuwa mtu wa kukosea maneno. Kuchanganyikiwa ni dalili. Nilimwambia hivyo. Akanifungia ndizi kwenye mfuko, akakataa pesa yangu, akasema, "Kesho nitakuja stendi. Haki ya Mungu."

Hakuja. Nilisimama stendi mpaka makondakta wakaanza kunitania kwamba nimeachwa na mchumba. Nikampata mhudumu wa afya wa kijiji, binti mwenye akili, nikamwambia azunguke nyumba zote zenye wajawazito ili ya Zuhura isionekane imelengwa. Alizunguka. Kwa Zuhura alipokelewa mlangoni na mama mkwe, akaambiwa mkwewe amelala, ana malaria, ameshakunywa dawa. Binti akaomba amwone tu. Mama mkwe akasema aliyelala haamshwi.

Mnaniuliza kwa nini sikwenda mimi mwenyewe, nivunje ule mlango. Nimejiuliza mara nyingi kuliko nyinyi. Alinishika mkono akaniomba nisiende, na mwenye siri ni yeye, na kazi yetu ina kiapo. Nani aliyefanya dunia iwe hivi, kwamba nesi akifika uani anakuwa hatari kuliko ugonjwa? Nawakasirikia watu wote waliowahi kunong'ona mwanamke akitoka kwenye kile chumba chetu. Nawakasirikia wachungaji na masheikh waliolitaja hilo gonjwa kama adhabu, kisha wakaja kuchukua dawa kwangu kwa kupitia mlango wa nyuma. Hao nawajua kwa majina, na majina yao nitakufa nayo kwa sababu nimeapa.

Wakati huohuo mkubwa mmoja alikuja kutoka ofisini kwa gari lenye vioo vyeusi. Tulimweleza. Akasema tusitamke neno maji mpaka majibu ya sampuli yarudi. "Nyanya za huku zinaliwa hadi Mombasa," alisema. "Mkianza kusema kuna kinyesi mferejini, nani atanunua?" Daktari wetu alimwambia kwamba kuna mama mjamzito. Mkubwa akasema pole, akaangalia saa, akapewa mapapai mawili ya kubeba. Majibu yalirudi baadaye sana. Yalikuwa ni E. Hakuna aliyepita na kipaza sauti. Waliletwa watu na dawa ya kusafishia maji, wakapiga picha, dawa ikaisha, wakaondoka.

Zuhura alifikishwa kituoni kwa mkokoteni wa kubebea nyanya, amefunikwa leso. Hakunijua. Aliniita kwa jina la dada yake, akawa ananiuliza kama maji yamefika shambani. Fizi zilikuwa zinatoka damu. Tulimpakia kwenye ambulensi, nikapanda naye, na barabara yote mpaka Voi nilikuwa nimeshika mkono wake wenye sindano ili asiuchomoe. Hospitalini walijitahidi, hilo nitalisema mbele ya yeyote. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, msichana, analia kwa sauti nyembamba. Mama yake alivuja damu, na ini lililokufa halina cha kuifanya damu igande. Aliondoka kabla hajamwona.

Mtoto alibaki kwenye chumba cha joto majuma kadhaa. Alipotoka alikuwa na chupa ya dawa yake ya maji, ya kumkinga na virusi vya mama, anayopaswa kupewa kila siku kwa sindano ndogo isiyo na ncha. Lazima mtu afundishwe kumpa. Sasa niliweza kwenda Mboghoni, maana aliyenikataza kuingia uani alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba.

Salimu alinipokea vizuri. Kijana mrefu, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Mama yake alikuwa anamlaza mtoto mapajani. Nilimtoa Salimu pembeni, kwenye migomba, nikaanza kumweleza taratibu, kwa maneno ya kuzunguka, kwamba mkewe alikuwa na hali fulani na mtoto anahitaji dawa fulani. Akaniacha nizunguke. Kisha akasema, "Sista, usihangaike. Dawa hiyo naijua."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kidonge. Nilikitambua kabla hajafungua.

"Huwa nachukulia ng'ambo," akasema. "Tangu ile mimba ya kwanza kuharibika. Nilijipima hukohuko. Nilidhani mimi ndiye niliyemwua mtoto, nikaogopa akijua ataniacha."

"Unamezea wapi?" Nilijua. Niliuliza hivyohivyo.

"Hapa hapa. Zamu ya jioni." Akaelekeza kidole kwenye mfereji uliokuwa unapita hatua chache kutoka tuliposimama, maji yake ya kahawia yanakwenda polepole. "Hata macho yangu yaliwahi kugeuka, mwaka juzi. Yakapona. Nilidhani ni dawa ya ng'ambo, sikumwambia mtu."

Nilitaka kumpiga. Nawaambia ukweli, mwanamke mzima, nesi mstaafu mtarajiwa, nilitaka kumpiga kijana aliyefiwa. Huyu alfajiri, huyu jioni, mfereji mmoja, ugonjwa mmoja, dawa moja, na kila mmoja anamlinda mwenzake asijue kile ambacho mwenzake tayari anakibeba. Kama angesema neno moja tu, wangekaa mezani wote wawili. Zuhura angemwambia macho yangu yamegeuka, naye angemwambia hata yangu yaligeuka. Angempandisha gari la Voi siku ileile. Nilimwambia haya yote, na sikupunguza sauti. Alilia bila kujifuta.

Kisha nikamshika mkono, nikamrudisha ndani. Nikamfundisha kumpa mtoto dawa, taratibu, pembeni mwa shavu, akaweza. Mtoto akameza, akakunja uso. Ndoo ya Zuhura ilikuwa bado pale kwenye kona, imefunikwa. Mama mkwe aliniambia ameendelea kuchemsha kama marehemu alivyokuwa akichemsha. Nikaomba kikombe. Nikakijaza, nikakiweka mezani mbele ya Salimu, nikamwambia, "Sasa na wewe meza. Hapa. Maji haya ni salama."

Alikitazama kikombe. Akamtazama mama yake, aliyekuwa anamfuta mtoto mdomo na kutuangalia sisi wawili bila kuelewa. Mkono wake ulikuwa mfukoni, niliona vidole vikikishika kile kifundo cha nailoni.

"Nitameza baadaye, Sista," akasema. "Nikienda kufungulia maji."